Posho yangu ya Marekani imegeuka ada ya mdogo wangu

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, kwetu Uyole, Mbeya. Tangu Agosti niko Marekani, jimbo la Minnesota, kwa mpango wa YES, ule wa wanafunzi wa sekondari kusoma mwaka mmoja na kuishi na familia ya huko. Nitarudi Juni. Naomba usitaje jina langu, maana nyumbani safu yako inasomwa, mama mdogo huituma hadi kwenye kundi la ukoo.

Familia ninayoishi nayo ni baba, mama na binti wao wa rika langu. Wananitendea vizuri, hawajawahi kunifokea hata siku moja. Shida ya kwanza ilikuwa chakula. Nilipofika mama wa hapa alinifungulia friji na makabati akaniambia nijisikie nyumbani, nichukue chochote muda wowote. Nikasema asante. Lakini Mwalimu, malezi yetu unayajua. Naanzaje kufungua friji ya watu nikachukua nyama? Nikawa nasubiri kukaribishwa. Chakula cha jioni wanakula saa kumi na moja na nusu. Nikiulizwa kama naongeza nasema hapana, nimeshiba, nikijua nitaulizwa tena na tena kama nyumbani, mpaka shangazi akupakulie kwa nguvu. Yeye anasema sawa, anafunika bakuli, linaingia kwenye friji. Ikifika saa tatu usiku, wakati ambao kwetu ndiyo kwanza tunanawa mikono, mimi tumbo linanguruma. Nikawa nanunua biskuti na mkate, naficha kwenye begi chini ya kitanda.

Shuleni sina shida, kifungua kinywa na chakula cha mchana ni bure kwa wote. Ngumu ni wikendi. Jumamosi mchana hapa hakuna anayepika, kila mtu anajitengenezea mkate wake kwa wakati wake na kwenda nao chumbani.

Sasa hela. Kila mwezi mpango unatupa posho. Nilipopata ya kwanza nilimwambia baba kwa furaha tu, nikamtajia na kiasi. Akaibadilisha kwa shilingi hapohapo. Wiki iliyofuata akaomba nimsaidie kidogo, bei ya viazi ilikuwa imeshuka na deni la mbolea linamsumbua. Nikatuma. Kuna mama mmoja Mkenya wa kanisani ndiye hunitumia kwa simu yake, kwa sababu mimi sijafikisha miaka kumi na nane. Mwezi wa pili akaomba tena. Kufika Desemba zaidi ya nusu ya posho ikawa inaenda nyumbani, mwezi mwingine yote. Halafu Januari, bila kuniambia, baba akaacha kumpeleka mdogo wangu shule ya kata aliyopangiwa kuanza kidato cha kwanza, akampeleka bweni, shule ya binafsi. Mama ndiye aliyeniambia: "Baba yako kasema dada yake yuko Marekani, atalipa."

Kwa sababu hiyo buti za baridi sikununua. Januari yote nilitembea na raba zangu nilizonunua sokoni Mwanjelwa. Mwalimu, baridi ya hapa usiilinganishe na ile yetu ya Juni na Julai. Ikifika nyuzi ishirini chini ya sifuri, ukivuta hewa unasikia nywele za ndani ya pua zinagandana. Basi la shule linapita kungali giza, na kituoni hakuna pa kujificha. Mama wa hapa akaniuliza mbona sivai buti, nikamjibu zinanibana. Sikuwa na buti. Kesho yake nikakuta boksi mlangoni pa chumba changu, buti mpya za saizi yangu. Nililia sana. Nilipomsimulia baba akasema, "Hao wanalipwa kukutunza, wasikutishe."

Sasa wamepanga safari. Machi kuna likizo ya wiki moja, wanataka twende Chicago kwa gari. Hoteli, mafuta na chakula ni juu yao, mimi nibebe hela yangu ya mfukoni tu. Sina hata dola kumi. Nikawaambia sitaki kwenda, nina kazi nyingi za shule. Mama wa hapa akasema kanuni hazimruhusu kuniacha peke yangu usiku, kwa hiyo nitakaa kwa mratibu wa mpango mpaka warudi. Binti yao alikuwa ameshapanga hadi nani alale kitanda cha dirishani. Tangu siku hiyo anajibu kwa mkato. Jana nimemsikia jikoni akimuuliza mama yake kama mimi nawachukia.

Nyumbani nako wanaona picha tu. Niliweka moja nimesimama katikati ya ziwa lililoganda, watu wakafurahi, kesho yake vijana wa kwaya wakaniandikia kuhusu kinanda. Baba mdogo yeye anasema nisirudi kabisa, nitafute hata kazi ya kuosha vyombo hotelini. Na juzi baba katuma ujumbe: awamu ya pili ya ada mwisho ni Machi, nitume ya mwezi huu yote.

Simtaki mdogo wangu arudishwe nyumbani mbele ya wenzake. Pia sitaki ukoo useme nimefika kwa Wazungu nikawasahau. Lakini nimechoka Mwalimu, na sijamwambia mtu yeyote hapa. Nifanyeje?

Binti wa Uyole


JIBU LA MWALIMU

Marahaba mwanangu,

Nenda Chicago. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo lenye tarehe ya karibu, na kwa kuwa kuna mtoto wa watu ananuna jikoni akidhani hapendwi, wakati shida yenyewe ni aibu ya kukosa hela ya mfukoni. Mwambie leo, kabla hata hujamaliza kusoma hapa: "Nilidanganya. Kazi za shule si nyingi hivyo. Sina hela na niliona aibu kusema." Basi. Ukieleza sana utaharibu.

Sasa tuje kwenye ada, maana humo ndimo yalimo yote.

Posho yako inakoma Juni. Ukipanda ndege, imeisha. Shule aliyopelekwa mdogo wako itadai Julai, itadai Januari, itaendelea kudai mpaka amalize kidato cha nne. Hebu weka hizo tarehe pembeni ya kalenda uziangalie. Hata ukituma kila senti, ukaishi kwa biskuti za chini ya kitanda mpaka siku ya mwisho, ukashuka uwanja wa ndege wa Songwe mifupa mitupu, Julai mhasibu atamwita mdogo wako ofisini vilevile. Unaogopa kwamba ukiacha kutuma utamwangusha. Mpango huo ulikuwa na mwisho tangu siku ulipoanza, na aliyeuanza hakuuliza mwisho wake uko wapi. Kilichobaki mikononi mwako ni kitu kimoja: baba yako ajue lini. Akijua sasa ana miezi ya kuuza gunia, kuzungumza na mkuu wa shule, kutafuta nafasi kwingine. Akijua Julai atakuwa na barua ya madai mkononi na binti aliyerudi mikono mitupu.

Ndiyo maana sikushauri umtumie ya mwezi huu. Najua inauma. Mtu anayemsaidia mzazi wake akiwa na miaka kumi na saba amelelewa vizuri, na yeyote atakayekucheka kwa hilo mwache acheke. Lakini posho hiyo ilitolewa kwa ajili ya sabuni yako, buti zako, daftari zako na hela ya mfukoni ya kukaa na wenzako. Ilipoondoka, gharama hazikuondoka nayo. Zilihamia kwa yule mama aliyenunua buti.

Na hapa kuna jambo ambalo baba yako amelisikia vibaya, wala simlaumu, mtaani ndivyo inavyosemwa. Familia zinazopokea wanafunzi wa sekondari wenye viza kama yako, ile ya mabadilishano iitwayo J-1, hazilipwi. Ni watu wa kujitolea. Kitanda, chakula, mafuta ya kukupeleka mazoezini, vyote vinatoka mfukoni mwao. Serikali yao inalipia mpango, tiketi yako, bima yako na posho yako, ila yule mama hapokei mshahara wa kukulea. Mweleze baba yako hivyo kwa upole. Mwanaume wa Uyole akijua kwamba kuna mwenzake huko ng'ambo anamlisha binti yake bure, hasemi tena "wasikutishe". Atauliza atume nini.

Utamwambiaje? Usiandike. Ujumbe wa simu husomwa na watu watatu kabla haujamfikia mwenyewe, na kila mmoja anauongezea sauti yake. Piga. Kama kuna shangazi, dada wa baba yako, ambaye akisema baba hukaa kimya akasikiliza, mtangulize yeye. Mwambie yote, mpaka habari ya biskuti, halafu muombe awe hapo nyumbani utakapopiga. Mama yako naye ajue mapema. Nahisi anajua zaidi ya unavyodhani, ndiyo maana alikupa taarifa ya bweni ambayo baba alikunyima.

Ukishampata baba, usianze na njaa. Ukianza na njaa ataona aibu, na mzee mwenye aibu hugeuka mkali. Anza na swali: "Baba shikamoo. Nimepiga kuomba ushauri. Posho yangu inaishia Juni. Julai mdogo wangu tutamlipiaje?" Kisha nyamaza. Acha alijibu yeye. Akisema "tutaona", uliza tena polepole. Akishaliona shimo kwa macho yake ndipo umwambie kwamba kuanzia mwezi huu hutaweza kutuma, kwa sababu huku unatakiwa ujitegemee kwa hela hiyohiyo na imefika mahali unaletewa buti na watu. Hilo la buti alishalisikia. Safari hii atalisikia vingine.

Akiuliza afanye nini, na huenda akauliza kwa hasira, majibu yapo. Sekondari za serikali hazitozi ada kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu Januari 2016. Sare zipo, michango haikosekani, chakula cha mchana mzazi anachangia, lakini hayo yote kwa mwaka hayakaribii ada ya bweni la binafsi. Shule ya kata aliyopangiwa ipo palepale. Aende akamwone mkuu wa shule sasa hivi, kwani uhamisho una taratibu zake na haupendi watu wa dakika za mwisho. Akitaka abaki bwenini, basi amfuate mkuu wa huko aseme ukweli na kuomba kulipa kidogokidogo. Wakuu wa shule wanawajua wakulima wa viazi. Wanajua lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kiasi, inavyowaliza.

Nimekaa kwenye shule za bweni miaka mingi, Iringa na kwingineko, nami nina maoni yangu hapa, mtanisamehe. Mtoto wa kidato cha kwanza anayelala kwao, akala ugali wa mama yake na kukimbia shuleni asubuhi, hajapungukiwa na kitu. Wazazi wengi wanalipia geti na sare yenye tai. Mdogo wako akirudi shule ya kata atachekwa labda wiki mbili. Kisha watamzoea, maana nao kuna wengi waliorudi.

Turudi kwenye friji, maana hapo nilicheka peke yangu mpaka wajukuu wakanitazama. Sisi watu wa Iringa Waminnesota tunawajua. Dayosisi ya Iringa ya KKKT ina udugu wa siku nyingi na Walutheri wa eneo la St. Paul, wanauita Bega kwa Bega, kwa hiyo wageni kutoka huko tumewaona sharikani. Nimemwona mama mmoja wa Kiminnesota kwenye meza ya mchungaji akila mpaka jasho linamtoka. Kila akimaliza, mama mchungaji anaongeza wali, na mgeni kwa kuogopa kukosa adabu anakula. Mama mchungaji akaninong'oneza kwamba huyu dada ana njaa sana, sijui walimlisha nini njiani. Mgeni alikuwa anasubiri mtu aache kumpakulia. Wewe unasubiri mtu aanze. Yule mama wa huko akikusikia umesema umeshiba, anakuheshimu kwa kukuamini.

Kwa hiyo mwambie, na usichague maneno makubwa: "Kwetu mtu akikaribishwa chakula hukataa kwanza, ndiyo adabu. Nilikuwa nakataa huku nina njaa." Nakuhakikishia ataweka mkono mdomoni, halafu atataka kukulisha usiku kucha. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wewe uko huko tangu Agosti. Fungua friji. Osha vyombo vyako na vya wengine. Saa tatu usiku ukisikia njaa shuka jikoni ujipashie kiporo cha jioni, hakuna atakayekuuliza. Na Jumamosi moja, hiyo ambayo kila mtu anakula mkate wake chumbani, omba ruhusa upike chapati. Unga wa ngano, mafuta, chumvi na maji, vyote vimo kwenye hayo makabati. Muite binti yao asukume. Zake zitatoka kama ramani ya Afrika, msimcheke sana. Ukitaka viungo vya pilau au nyama ya mbuzi, Minnesota ndiyo yenye jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali Marekani, na maduka yao hayapo Minneapolis peke yake.

Mratibu naye aambiwe. Hayupo kwa ajili ya kukuchongea. Kanuni za viza yako zinamtaka awasiliane na wewe kila mwezi, na akikuuliza "mambo vipi" usimjibu "poa" kama unavyomjibu kondakta. Mwambie posho ilikuwa inaenda wapi na kwamba umeacha. Hutafukuzwa kwa kumpenda mdogo wako. Akisikia kwamba mama Mkenya ndiye aliyekuwa anakutumia atakuuliza maswali, mjibu tu, na yule mama mshukuru na umwambie kazi hiyo imeisha.

Baba mdogo wako na habari zake za kuosha vyombo hotelini, huyo tumjibu haraka. J-1 ya mwanafunzi wa sekondari inakataza ajira, iwe ya kutwa au ya nusu kutwa. Inaruhusu vibarua vya hapa na pale tu, kama kumwangalia mtoto wa jirani jioni moja au kutengeneza bustani ya mtu. Machi kwenu huko theluji bado ipo, muulize mratibu kama unaweza kumzolea bibi jirani njia yake ukapata chochote cha Chicago. Kuhusu kutorudi: mliolipiwa na serikali ya Marekani mna sharti la kurudi na kukaa kwenu jumla ya miaka miwili kabla ya kupata viza ya kazi au ukazi wa kudumu kule. Ukizamia unaufunga mlango ambao siku moja ungeweza kuufungua kwa ufunguo wako mwenyewe, chuoni kwa mfano. Baba mdogo anakushauri akiwa amekaa Uyole na chai yake ya maziwa. Mwache anywe.

Basi Chicago. Kutoka Minneapolis ni kama kilomita 650, hata Mbeya na Dar ni mbali zaidi. Hamvuki mpaka wa nchi, kwa hiyo mratibu akijua mnakwenda lini na mnalala wapi inatosha. Ingekuwa Kanada, ambako mnapakana nako, ningekuambia usubiri: hapo ni viza ya Kanada na saini kwenye ile karatasi yako ya mpango, DS-2019, bila hivyo kurudi ndani ni kesi. Hela ya mfukoni usiiogope. Bustani ya wanyama ya Lincoln Park haina kiingilio. Millennium Park, penye lile dude kubwa la chuma king'aacho ambalo kila mtu anapiga nalo picha, bure. Ufukwe wa Ziwa Michigan bure, ingawa kwa Machi utausalimia tu na kukimbilia garini. Ni kubwa karibu mara mbili ya Ziwa Nyasa kwa eneo. Kwa kina Nyasa inaliacha mbali sana, na hilo uwaambie, usikae kimya ukishangaa vya watu peke yake. Wakikupeleka Field Museum, waombe wakuonyeshe simba wa Tsavo, wale wawili waliokuwa wakila watu wa reli kule Kenya mpaka walipouawa mwaka 1898. Wamekaushwa, wako kwenye kioo. Utakuwa mtu pekee garini anayejua Tsavo iko upande gani.

Picha za huko ziweke, ni haki yako. Ila kati ya picha tano za maghorofa weka na moja ya basi la shule alfajiri na uso wako umefunikwa mpaka macho. Itakupunguzia barua za vinanda. Hao vijana wa kwaya wajibu kwamba wewe ni mwanafunzi, huna kipato, na suala lao walipeleke kwa mzee wa kanisa.

Kuna na masomo yako mwenyewe, ambayo katika barua yote hujayagusa hata kwa mstari. Unarudi katikati ya mwaka wa shule wa Tanzania. Muandikie mkuu wa shule yako sasa, uliza utaingia darasa gani na usajili wa mtihani wa kidato cha nne kwako utakuwa wa mwaka upi. Ukirudi utahitaji sare, daftari, pengine na masomo ya ziada ya hisabati. Zinazobaki kwenye posho kati ya Aprili na Juni ziweke kwa ajili hiyo.

Wazazi mnaosoma hapa, sijamtaja mtu. Vitu viwili vitatu kwenye barua hii nimevibadilisha, na wenye binti ng'ambo na deni la mbolea nyanda zetu hizi ni wengi. Ila kama kuna baba amesoma mpaka hapa akadhani ni yeye, asikasirike na mama mdogo. Ampigie binti yake amuulize amekula nini leo.

Nawe binti, piga Jumamosi hii. Saa tatu usiku yako ni saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili Mbeya, baba hajaondoka kwenda ibadani. Usiahirishe, kwa sababu Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani wanasogeza saa mbele, na ukipiga saa hiyohiyo utamwamsha saa kumi na moja alfajiri, na mazungumzo haya hayafai kwa mtu aliyetolewa usingizini.